Kura ya Mgombea wa Tatu ni ya Nani?

Kila uchaguzi ukipita, kuanzia stendi ya Masasi hadi vijiwe vya Newala, hutafutwa mtu wa kubebeshwa lawama. Mara nyingi anayeangukiwa ni yule aliyeshika nafasi ya tatu, yeye na waliompigia. Wanaambiwa wamegawa kura, wamempa ushindi mtu ambaye wengi hawakumtaka. Wamarekani nao wana ugomvi huu, na wanao tangu zamani kuliko sisi, lakini hapa kwetu una uzito wake, kwa sababu huku kusini mwa Tanzania, mwaka 2015, upinzani ulipata wabunge katika majimbo yanayopakana kabisa na yale ulikoshindwa.

Nimeziweka hoja hizo katika vinywa vinne. Si watu wa kutajwa majina. Ni maneno ninayoyasikia huku, Masasi chini na Newala juu ya uwanda. Wakala ni kijana aliyesimamia kura za chama cha upinzani kituoni. Njomba ni mkulima wa korosho wa Newala. Mama Lishe yuko stendi Masasi. Mwalimu amestaafu, alifundisha historia. Mimi nitaingia pale nisipoweza kunyamaza.

WAKALA. Shikamoo njomba.

NJOMBA. Marahaba. Sema, maana naona umekuja na jambo.

WAKALA. Nina jambo. Mimi ndiye ninayesaini fomu usiku wa kura. Nakaa kituoni tangu alfajiri, nahesabu pamoja na wenzangu, na kuna vituo ambavyo wagombea wetu wawili wa mageuzi ukiwajumlisha wanampita wa chama tawala. Lakini fomu haijumlishi. Kila mtu na mstari wake. Mwaka 2015 Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, waliahidi kusimamisha mgombea mmoja kila jimbo: CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD. Kuna majimbo walishindwa kuelewana. Segerea, Dar es Salaam, CHADEMA walimweka Anatropia Theonest, CUF wakamweka Julius Mtatiro. Kura za hao wawili kwa pamoja zilizidi za Bonnah Kaluwa wa CCM, na Bonnah ndiye aliyekwenda bungeni. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Sasa wewe njomba, mtu mzima, unampigia wa tatu ukijua hashindi. Kwa nini?

NJOMBA. Kwa sababu kura ni yangu. Unazungumza kama vile ilikuwa mfukoni mwako nikaichomoa. Mgombea wako mkubwa alipita hapa mara moja, akahutubia mambo ya Dar es Salaam, akaondoka na vumbi lake. Yule wa tatu alikaa. Aliuliza salfa ya mikorosho inafika mwezi gani, akauliza mizani ya ghala, akauliza kwa nini malipo ya mnada yanachelewa. Mwaka 2018 wanunuzi walipogoma bei, serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaletwa kubeba korosho, kuna watu huku walingoja fedha zao mpaka wakakopa chakula. Nani kati ya wakubwa alikuja kutuuliza tulikula nini? Na maji je? Tunaishi juu ya uwanda usio na mto, Ruvuma tunaiona kule bondeni, ndoo tunainunua. Anayeyataja hayo ndiye wangu, hata akiwa wa saba.

MAMA LISHE. Hapo njomba umesema kweli. Lakini mimi nina swali la biashara. Huyo wa tatu anayejua kuwa hashindi, yeye anapata nini? Mtu hakodi gari na spika bure.

WAKALA. Anatumwa, mama. Ndiyo hao tunaowaita CCM B.

MWALIMU. Wapo wanaotumwa, sikatai. Lakini msiwajaze wote kapu moja, maana sheria yenyewe inampa hata mwaminifu sababu ya kusimama. Chama kikipata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge nchi nzima kinastahili mgawo wa viti maalumu vya wanawake. Ruzuku nayo inafuata kura na viti. Kwa hiyo chama kinachojitoa Newala kwa heshima ya mwenzake kinapoteza kura za Newala katika hesabu yake ya taifa. Unamwambia mtu amwachie jirani shamba, na mavuno ya shamba lile ndiyo yanayomlipia ada ya mtoto. Ukawa waligombana kwa tamaa, ndiyo, lakini waligombana pia kwa sababu sheria haikuwa na mahali pa kuandika muungano. Hata Edward Lowassa, mgombea wao wa urais, alisimama kama mtu wa CHADEMA. Jina Ukawa halikuwamo kwenye karatasi.

*

Niseme neno hapa. Hoja ya Wakala ina nguvu katika ubunge na udiwani, lakini ikipelekwa kwenye urais wa Tanzania inapwaya, na wengi wanachanganya mambo haya mawili. Tangu vyama vingi virudi, hakuna mgombea wa tatu aliyeamua nani awe rais wa Jamhuri ya Muungano kwa matokeo yaliyotangazwa. Mwaka 1995 Benjamin Mkapa alipata asilimia 61.8, Augustine Mrema 27.8, Ibrahim Lipumba 6.4, John Cheyo karibu 4. Jumlisha wote watatu, bado hawamfikii. Hata mwaka 2015, mwaka ambao CCM ilipata asilimia ndogo kuliko wakati mwingine wowote, John Magufuli alitangazwa na 58.46 na Edward Lowassa 39.97. Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, aliyekuwa wa tatu, hakufika asilimia moja. Anayesema Mghwira alimwangusha Lowassa hakuangalia takwimu.

Jimboni ni habari nyingine. Uchaguzi ule wa 1995 CCM ilipata takriban asilimia 59 ya kura za ubunge, ikachukua majimbo 186 kati ya 232, yaani wanane katika kila wabunge kumi. NCCR-Mageuzi ilipata karibu asilimia 22 ya kura ikaambulia majimbo 16. CUF ilipata asilimia 5 tu, lakini ikavuna majimbo 24, kwa kuwa kura zake zilikuwa zimerundikana Zanzibar, hasa Pemba, wakati za NCCR zilitawanyika nchi nzima kidogo kidogo. Kura zilizotawanyika hazihesabiki hata zikiwa nyingi. Huu ndio msingi wa ugomvi wote, na Wakala ana haki ya kukereka.

*

WAKALA. Basi tukubaliane. Wamarekani wenyewe, mabingwa wa uchaguzi, wanawalaani hawa watu. Mwalimu, si ulituambia habari za Florida?

MWALIMU. Niliwaambia, na niliwaambia yote, ila wewe ulisikia nusu. Mwaka 2000 George W. Bush alimshinda Al Gore Florida kwa kura 537. Ralph Nader, wa chama cha Kijani, alipata jimboni humo kura 97,488. Kule rais hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe, na karibu majimbo yote yanampa wajumbe wote yule aliyeongoza, hata kwa kura moja. Florida ikaamua nchi. Wafuasi wa Gore hawajamsamehe Nader. Nyuma zaidi, mwaka 1912, Theodore Roosevelt aligombana na Taft, mtu wa chama chake, akaunda chama kingine. Roosevelt akapata asilimia 27, Taft 23, na Woodrow Wilson akaingia ikulu na 42.

WAKALA. Umeona!

MWALIMU. Subiri. Mwaka 1992 Ross Perot alipata karibu asilimia 19. Clinton alishinda kwa 43 dhidi ya 37 za Bush mkubwa, na mpaka leo wapo wanaosema Perot alimwangusha Bush. Lakini waliompigia Perot walipoulizwa wakitoka vituoni wangempigia nani kama Perot asingekuwepo, waligawanyika karibu sawa kwa sawa, na wengine wakasema wangebaki nyumbani. Ndilo kosa lako na njomba. Unadhani kama angemkosa wa tatu angekuja kwako. Huenda angerudi CCM, huenda angeenda shambani kuokota korosho.

NJOMBA. Ningeenda shambani.

WAKALA. Kenya je? Mwaka 1992 Moi alishinda kwa asilimia 36! Matiba 26, Kibaki kama 19, Oginga Odinga 17. Chama cha upinzani cha FORD kilikuwa kimoja kikapasuka viwili. Watu wawili katika kila watatu hawakumtaka Moi, na akatawala. Walipojifunza, mwaka 2002, Raila akasimama Uhuru Park akasema Kibaki anatosha, wakashinda kwa asilimia 62. Dawa ni umoja.

MWALIMU. Dawa ya 2002 ilikuwa umoja, na umoja ule ulivunjika haraka. Dawa waliyoiandika ilikuja 2010. Katiba yao inadai rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Asipofika, wawili wa juu wanarudi kwa wananchi. Malawi nao, majirani zetu wa ziwa, mwaka 2014 walimpata rais kwa asilimia 36. Mwaka 2020 mahakama ikasema wingi maana yake ni zaidi ya nusu, uchaguzi ukarudiwa hivyo. Hakuna aliyemkataza wa tatu kugombea. Walibadilisha hesabu.

MAMA LISHE. Hayo ya nje. Ya hapa Masasi je? Mbona hamtaji 2015 yetu?

MWALIMU. Ya hapa inauma kidogo, mama.

*

Inauma kweli. Dk. Emmanuel Makaidi, mwenyekiti wa NLD na mmoja wa viongozi wa Ukawa, aligombea ubunge wa Masasi mwaka ule. Alikuwa katika kundi la wanamageuzi wa mwanzo, watu waliodai vyama vingi wakati kudai kulikuwa na gharama. Alifariki tarehe 15 Oktoba 2015 katika hospitali ya Nyangao, mkoani Lindi, siku kumi kabla ya kura. Uchaguzi wa ubunge Masasi ukaahirishwa mpaka 20 Desemba. Siku hiyo Rashid Chuachua wa CCM alishinda, akifuatiwa na Ismail Makombe wa CUF, msanii wa vichekesho ambaye huku kila mtu alimjua kwa jina la Kundambanda.

Mwaka huohuo, kura za Oktoba, Ndanda palepale jirani walimchagua Cecil Mwambe wa CHADEMA. Tandahimba, ng'ambo ya Newala, walimchagua Katani Ahmad Katani wa CUF. Mtwara Mjini, Maftaha Nachuma wa CUF. Newala zote mbili zilibaki CCM. Kwa hiyo watu wa ukanda mmoja, wenye korosho moja na kero moja, walitoa majibu tofauti kwa umbali wa safari ya basi. Masasi walipiga kura yao ya ubunge Magufuli akiwa ameshaapishwa tangu tarehe 5 Novemba. Anayepiga kura akijua serikali imeshapatikana hapigi kwa hesabu ileile ya Oktoba. Ninalisema hili kwa sababu wanaogawa lawama husahau kwamba mpiga kura naye anapiga hesabu, na hesabu yake hubadilika kila anapopewa habari mpya.

*

MAMA LISHE. Mimi nilichokiona mwaka ule ni kwamba majimbo yaligawiwa Dar es Salaam. Wakubwa walikaa hotelini wakaandika: hili la huyu, lile la yule. Sisi tuliletewa jina. Halafu tukilikataa mnasema tumegawa kura.

WAKALA. Ilibidi, mama. Muda haukutosha.

MAMA LISHE. Muda wa kuomba kura ulitosha?

MWALIMU. Niwape kisa cha nyumbani, cha Mkapa, mtoto wa Lupaso, wilaya hii ya Masasi. Julai 1995, Dodoma, mkutano mkuu wa CCM ulikuwa na majina matatu ya urais: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Kura zilipohesabiwa mara ya kwanza, Kikwete alikuwa wa kwanza kwa kura 534. Mkapa wa pili, 459. Msuya wa tatu, 336. Kwa sheria tunayoitumia jimboni leo, mchezo ungekwisha hapo. Kikwete angekuwa mgombea wa 1995, na lawama angebebeshwa Msuya: kwa nini hukumwachia Mkapa, umegawa kura za wazee. Lakini kanuni yao ilidai zaidi ya nusu. Msuya akatoka, wajumbe wakarudi kupiga kura kati ya wawili. Mkapa 686, Kikwete 639.

NJOMBA. Kumbe.

MWALIMU. Ndiyo kumbe. Wilaya ya Masasi ilitoa rais kwa sababu kura za wa tatu zilipewa nafasi ya kusema mara ya pili. Hakuna aliyemlaumu Msuya. Waliompenda walimpigia kwanza bila hofu, kisha wakachagua kati ya waliobaki. Na katiba ya nchi wakati huo ilikuwa hivyohivyo: rais apate zaidi ya nusu ya kura, la sivyo warudie wawili. Halafu mwaka 2000, katika mabadiliko ya 13 ya katiba, Mkapa akiwa rais, sharti la nusu likaondolewa. Sasa ibara ya 41 inasema anatosha aliyepata kura nyingi kuliko mwingine yeyote. Leo mtu anaweza kuwa rais kwa asilimia 36 kama Moi, na ibara hiyohiyo inasema akishatangazwa hakuna mahakama ya kuchunguza kuchaguliwa kwake.

*

Ninamheshimu Mkapa, na nimepita Lupaso alikozikwa mwaka 2020. Lakini hili la 2000 sioni hoja ya kulitetea. Chama kilichoona duru ya pili inafaa kumpata mgombea wake kiliwaondolea wananchi duru hiyohiyo. Tukiwa na sheria ya namna hii, tunamwambia njomba achague kati ya dhamiri na hesabu, akichagua dhamiri tunamtukana. Lawama ielekezwe kwenye sheria. Nimelishikilia hili tangu nilipokielewa kisa cha Dodoma, na sijasikia hoja ya kunitoa hapo.

Zipo hoja za kunitikisa, hata hivyo.

*

MAMA LISHE. Mwandishi unasema rahisi. Oktoba ni msimu. Watu wako mashambani wanaokota, minada ya vyama vya ushirika, MAMCU na TANECU, imeanza, mvua inanukia. Ukiwaambia warudi Novemba kupiga kura tena, nani atakuja? Atakuja mwenye muda. Mwenye muda si mkulima.

MWALIMU. Hiyo ni kweli, na ndiyo maana wengine huunganisha duru mbili katika karatasi moja. Maine, kule Marekani, mpiga kura anapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana wa zaidi ya nusu, wa mwisho anatolewa na kura zake zinakwenda kwa wa pili wa kila aliyempigia. Njomba angemwandika mtu wake wa maji kuwa wa kwanza na wa Wakala kuwa wa pili.

MAMA LISHE. Na bibi yangu asiyejua kusoma? Leo anatazama picha na nembo, anaweka alama moja. Kura ngapi zitaharibika? Na zikihamishwa, zitahamishiwa wapi, mbele ya wakala yupi? Kituoni kwetu angalau matokeo yanabandikwa mlangoni.

WAKALA. Mimi nina kubwa zaidi. Mnazungumzia kugawana kura kama vile sote tumo kwenye karatasi. Mwaka 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa, ilizuiwa kwa kutosaini maadili ya uchaguzi. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo naye akaondolewa kwenye urais. Vikabaki vyama vidogo, safu ndefu, na aliyetangazwa mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Hapo duru ya pili ingesaidia nini?

MWALIMU. Isingesaidia. Hakuna hesabu inayotibu karatasi yenye majina pungufu. Lakini usilitumie hilo kumfunga njomba mdomo. Aliyeondoa majina na aliyepiga kura kwa wa tatu ni watu wawili tofauti.

WAKALA. Kwa hiyo tukae tungoje katiba? Rasimu ya Warioba ya katiba mpya ilirudisha sharti la zaidi ya nusu kwa urais. Kura ya maoni ikapangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, mpaka leo. Mimi uchaguzi wa diwani unanisubiri, na kwenye kata kura thelathini zinaamua.

NJOMBA. Kwenye kata hatuhitaji katiba. Njooni na majina yenu yote mapema, kabla salfa haijaisha madukani. Tukae uwanjani, CUF, CHADEMA, ACT, na nani mwingine, tuwasikilize, tupige kura wenyewe mara mbili, kama kule Dodoma. Atakayeshindwa ajitoe. Nitamfuata atakayebaki hata akiwa si wangu.

WAKALA. Na makao makuu wakileta jina jingine?

NJOMBA. Hapo nitampigia wa tatu.

MAMA LISHE. Kabla hujafika huko, mwulize huyu kijana kama chama chake kitamruhusu hata kuuitisha huo mkutano.

WAKALA. Nitaandika barua kwa katibu wa wilaya.

MAMA LISHE. Andika na kwa wa vyama vingine. Na nakala uniletee hapa stendi, nitaibandika ukutani watu waisome, wajue nani amejibu na nani hajajibu.